Kupaka Niachieni, Kuzika ni Kwenu

Kabogera si kijiji cha kupitia tu. Kutoka Kigoma mjini unapanda boti ya abiria, unaufuata ufuko kwenda kaskazini, milima ikiwa mkono wako wa kulia imesogea mpaka majini, na ukishuka umelowa na masikio bado yanavuma injini. Njia nyingine ni kuteremka kwa miguu kutoka Kalinzi, kwa kijia ambacho hata mbuzi hukifikiria mara mbili. Ndiyo maana watumishi wa serikali wakipangiwa Kabogera huanza kuugua kabla hawajaripoti. Mmoja alileta cheti cha mgongo, mwingine cha macho, na mwalimu mmoja wa hesabu alioa haraka haraka apate sababu ya kuomba uhamisho wa kumfuata mke. Skolastika Kaijage alikuja na godoro, birika na mwavuli mweusi, akakaa. Mvua hizi za masika zilimkuta ana miaka tisa pale.

Alikuwa Mhaya wa Muleba, na watu wa Kabogera hawakumwacha apumue kwa hilo. Walisema Mhaya hamalizi kikombe cha chai bila kuitaja shule aliyosoma. Yeye alicheka, kisha akaitaja. Kwa vyeti alikuwa tabibu, lakini kijijini kila anayening'iniza kipimo shingoni ni dokta, na zahanati nzima ilikuwa yeye, muuguzi Edina na mlinzi mmoja asiyesikia vizuri. Alitibu presha za wazee na minyoo ya wajukuu wao, alitoa miiba ya samaki kooni, aliamua magomvi ya ndoa yaliyoletwa kwake yakijidai ni maumivu ya tumbo. Ila moyo wake ulikuwa kwa wajawazito. Kila Jumamosi alivaa mabuti, akakunjua mwavuli, akapita nyumba kwa nyumba. Wanaume waliokuwa wanashona nyavu walimwona wakaambiana, "Dokta kaja kuhesabu matumbo." Alijua nani ana mimba kabla mume hajajua, na siri hizo hakumpa mtu.

Mwezi wake wa kwanza pale ulikuwa mbaya, na huo ndio uliozaa yote yaliyofuata. Aliletewa kichanga cha Leonia, mke kijana wa Anatoli. Mtoto alikuwa amekakamaa kama ukuni, taya limefunga, hanyonyi, na akiguswa tu anajipinda. Ilikuwa pepopunda. Kitovuni palikuwa pamepakwa mawese yaliyochanganywa na masizi ya chungu. Aliyepaka ni Bibi Eufrasia, mama yake Anatoli, kwa mikono ileile iliyompaka Anatoli alipozaliwa, ikapaka na nusu ya watu wazima wa kijiji kile. Mtoto alikufa boti ikiwa bado inatafutiwa mafuta. Skolastika alikuwa mgeni, alikuwa na hasira, na mbele za watu alimwambia yule mama mtu mzima, "Mmemuua wenyewe." Alilijutia neno hilo palepale, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Baada ya matanga Bibi Eufrasia alikuja zahanati peke yake. Skolastika alijiandaa kwa matusi. Bibi aliketi kwenye benchi, akaweka mikono mapajani, viganja juu, akaitazama kama vitu alivyookota njiani.

"Nifundishe," alisema.

Alimfundisha. Mikono ioshwe kwa sabuni, wembe uwe mpya, na kitovu kipakwe dawa ya zahanati iliyo kwenye kichupa, basi. Mawese yabaki kwenye mboga. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza lake.

"Na kukizika? Hilo nalo ni kosa?"

Akaeleza. Katika ukoo wao kitovu kikianguka huzikwa nyuma ya nyumba, chini ya mchikichi, kando ya vitovu vya kaka na dada na baba zake mtoto. Mpaka kianguke, mama na mtoto hawalali penginepo ila katika nyumba ile. Kikiangukia kwingine, mtoto atakuwa wa njiani maisha yake yote, hatatulia kwa ndoa wala kwa kazi, na siku akifa watu watashindwa kujua wamrudishe wapi.

Skolastika alitabasamu, mara ya kwanza tangu ashuke kwenye boti. Chake mwenyewe kilikuwa Muleba chini ya mgomba. Mama yake alikuwa akimwonyesha kila likizo, kama vile angeweza kusahau.

"Hilo haliui mtu, Bibi," alisema. "Tufanye hivi: kupaka niachieni mimi, kuzika ni kwenu."

Wakapeana mikono. Na mkataba ule, usioandikwa popote, ulishika kijiji kizima. Bibi Eufrasia aligeuka mhubiri. Siku za kliniki alisimama mbele ya wajawazito, akainua mikono yake, akasema kwa Kiha na kwa Kiswahili, "Hii ndiyo iliyomzika mjukuu wangu. Msiwape watoto wenu mikono kama hii." Nani angebisha baada ya hapo? Miaka ikapita na Kabogera haikuzika tena mtoto kwa ajili ya kitovu. Kama Skolastika alijisifu? Ni Mhaya, alijisifu mpaka kwenye mikutano ya wilaya. Na ilikuwa haki yake, maana wapo waliosoma kumpita ambao hawajaokoa hata kuku.

Dawa ile ilikuwa na tabia moja tu. Kitovu kilichopakwa mawese kilikuwa kinakauka na kuanguka upesi. Kilichopakwa dawa hubaki safi, hakinuki, lakini hukawia kuanguka. Akina mama waliokuwa na hamu ya kutoka nje walilalamika. Skolastika aliwajibu neno lilelile kila mara: "Kawia ufike." Likawa utani wa kijiji. Mtu akichelewa harusini au kanisani, watu humuuliza kama amepakwa dawa ya Dokta.

Kisha ziwa likaanza kupanda. Halikuja kwa kishindo. Lilikuja kama mgeni anayesema atalala siku mbili. Lilichukua vichanja vya kuanikia dagaa, watu wakavirudisha nyuma. Likachukua vyoo. Likachukua kilabu cha pombe cha Mzee Martini, na wengine wakasema hapo angalau Mungu ameonekana. Mwaka uliofuata likaingia chumba cha kujifungulia cha zahanati, maji yakatulia sakafuni yakimeremeta kama yamealikwa. Wakubwa walikuja na boti nzuri, wakapiga picha, wakawaambia watu wahame mabondeni, wakaondoka kabla upepo wa mchana haujaanza. Kuhama ni neno jepesi mdomoni kwa mtu ambaye nyumba yake iko kwingine.

Masika haya yalikuwa makali kuliko yote. Ziwa lilikuwa chini, mvua juu, na kijiji katikati kama dagaa kwenye kiganja. Skolastika alihamishia zahanati kwenye shule ya msingi iliyo kilimani. Darasa la pili likawa wodi ya wazazi. Nyumba zilizozama zilihamia madarasa mengine, maturubai yakafungwa kwenye milingoti ya goli, na yeye akawa anatembea kati ya vyungu na mikeka akigawa vyandarua, akionja maji ya kunywa, akiwagombeza wanaume waliokunywa uji wa wanaonyonyesha. Kila mjamzito aliyekaribia alimlazimisha alale kilimani. "Tumbo halijui kuogelea," aliwaambia. Walicheka, lakini walipanda.

Leonia alijifungulia darasa la pili, chini ya picha za irabu ukutani. Alikuwa na watoto wawili wazima sasa, wote wa enzi za dawa, na huyu alikuwa wa tatu kati ya walio hai, msichana mwenye nywele nyingi. Alijifungua vizuri, na asubuhi yake Bibi Eufrasia alikuja na kanga na mwavuli kumchukua.

"Bibi, mwache akae hapa," Skolastika alisema. "Kule kwenu si pazuri sasa."

Kwao kulikuwa ng'ambo ya kijiji, pale korongo la Nyabiho linapomwagikia ziwani. Majirani wote walikuwa wamekwisha kupanda. Anatoli mwenyewe alikuwa kilimani na wale watoto wawili, anasimamisha miti ya kibanda kipya.

"Tunahama, Dokta. Nani kasema hatuhami?" Bibi alisema kwa upole. "Kitovu kikianguka tu tunakizika na wenzake, jioni hiyohiyo tunapanda. Baada ya hapo ziwa lile nyumba lishibe."

Mvua ilikuwa imekatika tangu juzi. Korongo lilikuwa na maji ya kuvuka kwa kuruka. Na neno la Skolastika lilikuwa limeshika kwa miaka tisa kwa sababu hakuwahi kuvuka upande wake wa mkataba. Alichukua kichupa cha dawa, akakitia mkononi mwa Bibi, akawasindikiza mpaka mwisho wa uwanja wa mpira.

Jumamosi alivaa mabuti akaenda kuwaona. Mvua ilikuwa imerudi. Korongo lilikuwa limebadilika rangi, na lilikuwa linaviringisha mawe. Usingeyaona, lakini uliyasikia chini ya maji yakigongana. Nyumba ilikuwa imesimama pale peke yake, matofali ya tope, mabati, mlango ukitazama korongo na dirisha dogo la chumbani likitazama mchikichi. Nyumba za pande zote zilikuwa zimebomolewa na wenyewe, mabati yameondolewa, kuta zimebaki kama meno ya mzee.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pita, mkwe wangu yuko ndani."

Leonia alikuwa kitandani ananyonyesha. Mizigo yote ilikuwa imefungwa: masufuria ndani ya ndoo, nguo ndani ya kiroba, picha ya Bikira Maria imeviringishwa kwenye kanga. Walikuwa wanasubiri kitu kimoja tu duniani, na hicho hakikuzidi urefu wa kidole. Skolastika alimfunua mtoto. Kitovu kilikuwa safi kabisa. Hakikuwa na harufu, ngozi pembeni haikuwa nyekundu, na shina bado lilikuwa bichi kidogo, limeshika imara. Kwenye kliniki angewaita akina mama waje kuangalia.

"Kizuri sana," alisema, maana ndivyo alivyozoea kusema.

"Kizuri, lakini hakitaki kutuachia," Bibi alisema. "Enzi za mawese kingekuwa kimeanguka zamani." Alisema akicheka, ila macho yake yalikuwa mlangoni, kwenye korongo.

Leonia aliinua uso. Hakuwa msemaji, miaka yote Skolastika alimjua kwa kuitikia tu.

"Dokta," alisema, "si ungekikata tu? Hicho kilichokauka. Tukizike, tuondoke."

Skolastika aliutazama mkasi ndani ya mkoba wake. Ulikuwa umechemshwa asubuhi, umefungwa kwenye karatasi yake. Alimkumbuka yule wa kwanza, taya lililofunga, mgongo uliojipinda. Alizikumbuka nyumba zote alizopita akisema kitovu kisivutwe, kisitikiswe, kisikatwe, kiachwe kianguke chenyewe. Angeanzaje leo?

"Hapana, mama," alisema. "Nikikata pakiwa pabichi nitawafungulia vijidudu mlango, tena kwenye unyevu huu. Siku mbili tatu tu. Kawia ufike."

Leonia aliitikia kwa kichwa.

"Basi twendeni naye kilimani na kitovu chake," Skolastika alijaribu. "Kikianguka huko, Anatoli atakileta hapa akizike."

Bibi Eufrasia hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. "Mwanangu," alisema, "ulisema kuzika ni kwetu. Mimi nilikupa kupaka kwangu kote, sikubakiza. Hiki kimoja ndicho kilichobaki."

Skolastika alishindwa. Na tuseme ukweli, si kwamba hakuwa na hoja; alikuwa nazo tele. Lakini mtu aliyekupa mikono yake miaka tisa humwambii leo kwamba yako ulimpa kwa mkopo. Alikuwa bado anatafuta maneno pale mlangoni alipofika mtu anahema kutoka kilimani, ametumwa na Edina. Diana, binti wa mvuvi mmoja, alikuwa ameshikwa na uchungu na mkono wa mtoto umetangulia kutoka.

Huyo hakuwa wa kusubiri. Ni upasuaji, na upasuaji uko Kigoma. Skolastika aligeuka mara moja tu. "Bibi, korongo likipanda hata kidogo, mtoke. Kitovu au si kitovu."

"Tutatoka," Bibi alisema.

Walikodi boti, wakamlaza Diana juu ya godoro la Skolastika mwenyewe, wakaondoka na mawimbi. Njia nzima Skolastika alipiga magoti kwenye maji ya ndani ya boti, ameshika mkono mdogo ule na akimzuia Diana asisukume. Walifika salama. Mtoto alitolewa hai, mama akashonwa, na daktari wa zamu akamwambia Skolastika kwamba wangechelewa kidogo tu wangeleta maiti mbili. Usingizi alioupata siku ile kwenye benchi la wodi ulikuwa mtamu. Kesho yake upepo ulikataa boti kuondoka. Alijaribu simu, lakini mnara wa Kabogera ulikuwa umekufa kwa siku kadhaa. Akaenda sokoni kununua sukari, sabuni, na kofia ndogo ya sufu, ya njano, kwa ajili ya mtoto wa Leonia, maana huko kilimani usiku kuna baridi.

Waliondoka Jumatatu ziwa limetulia kama kioo na jua linawaka. Skolastika alikaa mbele kwenye boti akiwa na furaha ya mtu aliyefanya kazi yake vizuri. Karibu na Kabogera maji yalibadilika. Kwanza ulikuja mstari wa kahawia juu ya bluu, halafu majani, halafu migomba mizima inaelea na ndizi zake. Nahodha alipunguza injini. Ukapita mlango wa mbao, bado una kitasa chake. Skolastika aliutazama ukipita, na mwili wake ukajua kabla kichwa hakijakubali.

Mvua haikunyesha Kabogera asubuhi ile. Hilo ndilo lililowaponza. Ilinyesha juu, milima ya Kalinzi, wakati huku chini akina mama walikuwa wanashukuru jua na kuanika dagaa. Nyabiho ilishuka na mawe, miti na mlima wenyewe. Ilipofika ziwani hapakuwa na nyumba, hapakuwa na mchikichi, hapakuwa na mahali ambapo mtu angenyoosha kidole na kusema hapa palikuwa kwa Anatoli. Anatoli alikuwa pale kwenye tope na jembe, anachimba huku na kule, na wanaume wenzake walikuwa wanachimba naye kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia aache.

Bibi Eufrasia alikuwa darasa la pili, ameketi chini ya irabu. Alikuwa na tope mpaka kwenye nywele. Mapajani mwake, ndani ya kanga safi ya Edina, alikuwamo mtoto.

Skolastika alipiga magoti mbele yake. Bibi alisimulia mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayetoa maelezo ya njia.

"Nilikuwa nyuma napika uji wake. Nikasikia mlima unakohoa. Mlango ulikuwa upande wa maji, hautokeki. Leonia akaja dirishani, akanipa mtoto. Nikampokea. Akasema, 'Mama, mfunike kitovu, kisiingie tope.' Nikamfunika. Nilipoinua macho hapakuwa na dirisha."

Kitovu kilikuwa kimefunikwa kweli. Skolastika alifungua kanga, na chini yake alikuta kitambaa kilichokunjwa mara nne, kikavu, jinsi alivyowafundisha. Kitovu kilikuwa palepale. Alikipaka dawa, kwa sababu mikono haikujua kufanya kingine, kisha akatoka nyuma ya darasa akalia.

Lakini kulia nako kuna mwisho mahali penye watoto. Mtoto alikuwa na njaa. Brigita, mama aliyehamia darasa la nne mwenye mtoto wa miezi minane, alijitolea kumnyonyesha. Skolastika alimpima kwanza damu, akaridhika, akamkalisha na kumwekea mto mgongoni. Watoto wakubwa wa Leonia walisimama mlangoni kuangalia mdogo wao akinyonya kwa mtu mwingine. Kofia ya njano ilimkaa vizuri. Hakuna aliyeisifia.

Leonia alipatikana kesho yake, amesukumwa na mawimbi mpaka kwenye matete, na akazikwa siku hiyohiyo kilimani nyuma ya kanisa, maana makaburi ya ukoo yalikuwa yamekwenda na korongo. Katekista Nehemia alisoma maneno yake kwa haraka akiangalia mawingu. Skolastika alisimama nyuma ya wote na mwavuli wake umefungwa. Alikuwa anasikia sauti yake mwenyewe, changa, yenye uhakika, siku ile kwenye benchi la zahanati: hilo haliui mtu, Bibi.

Kitovu kilianguka siku iliyofuata.

Alikuwa anamwogesha mtoto kwenye beseni, na Bibi Eufrasia ameshika taulo. Aligusa tu na pamba, kikabaki kwenye pamba. Chini yake palikuwa pamepona vizuri, pakavu, hapana hata tone la damu. Walikitazama wote wawili. Kilikuwa kidogo, cheusi, kimejikunja.

"Leo ndiyo tungehama," Bibi alisema.

Alikichukua, akakifunga kwenye pindo la kanga yake, akaomba jembe kwa mlinzi wa shule. Hakumwita Anatoli. Walipanda wawili mpaka nyuma ya kanisa, Skolastika amembeba mtoto. Udongo wa kaburi la Leonia ulikuwa bado laini. Bibi alipiga magoti upande wa miguu, akachimba kwa pembe ya jembe, akakiweka, akafukia, akapapasa juu kwa kiganja.

"Kwao ni hapa, basi," alisema.

Skolastika alikuwa na maneno. Alikuwa ameyabeba tangu Jumatatu, hayamezeki. "Bibi," alianza, "ule mkasi. Ningeweza—"

"Nyamaza kwanza, mwanangu." Hakuwa na ukali. Aliinua mikono yake yenye udongo, viganja juu, jinsi alivyoiinua siku ile ya kwanza, jinsi alivyoiinua mbele ya wajawazito miaka yote. "Yule wa kwanza tulipaka mawese. Kikaanguka upesi, tukamzika mtoto. Huyu tumepaka dawa yako. Mtoto mzima, kitovu kizuri, kikakawia, tumemzika mama yake. Sikulaumu. Ulifundisha vizuri na sisi tulishika vizuri. Ila wewe ndiye uliyesoma." Alimtazama usoni, na alikuwa anauliza kweli, kama mwanafunzi. "Niambie. Tupake nini?"

Kichupa kilikuwa mfukoni mwa koti la Skolastika, alikishika, akakiacha. Mtoto alianza kulia njaa, na Brigita alikuwa mbali. Kule juu, upande wa Kalinzi, mawingu yalikuwa yanakaa tena juu ya milima. Bibi Eufrasia alipoona jibu haliji akajifuta mikono kwenye majani, akaokota jembe la watu.

"Twende," alisema. "Leo ni kliniki. Wapo waliojifungua juzi, wanakusubiri."

Wakashuka.